Kitabu cha nne cha Ferrante: uunganishe au upumzike kwanza?

Ukimaliza kitabu cha tatu cha mfululizo wa riwaya nne za Napoli za Mwitaliano Elena Ferrante, Lenù, msimulizi, yuko kwenye ndege na mpenzi wake Nino, kaacha ndoa nyuma yake. Hapo mkono unawasha. Cha nne, Storia della bambina perduta (Hadithi ya mtoto wa kike aliyepotea), kilichotoka Italia mwaka 2014, unakichukua usiku uleule?

Ukiunganisha, hasira zako kwa Nino bado mbichi, na majina ya ukoo wa Solara, Carracci na Cerullo hayakuchanganyi. Lakini unasoma mbiombio kutaka kujua nani kamwacha nani, na kitabu hiki hakitaki mbio. Chukua tetemeko la ardhi la Novemba 1980: Lenù na rafiki yake Lila wote wajawazito, nyumba inayumba, na Lila, yule jasiri wa mtaa mzima, anatetemeka huku akisimulia jinsi anavyoona watu na vitu vikipoteza mipaka yao. Msomaji mwenye pupa atapita hapo kama anapita kituo cha basi, ilhali ndipo Lila anapojifunua kuliko popote.

Ukipumzika mwezi hivi, utasahau nani mtoto wa nani. Si tatizo: orodha ya wahusika iko mwanzoni mwa kitabu. Unachopata ni ubaridi wa kichwa, unaanza kumshuku hata Lenù anayesimulia. Je, anampenda Lila au anamwonea kijicho? (Mimi nasema vyote viwili, tena kwa siku moja.)

Kwangu, pumzika. Ila kama umeshafichuliwa siri ya mtoto anayetajwa kwenye jina la kitabu, basi unganisha tu.