Mpira wa mafuta wa Honda CG125 ya zamani: upi ununue, upi uuache kaunta

Pikipiki ya Honda CG125, iliyoanza kuuzwa mwaka 1976, haina pampu ya mafuta. Petroli hushuka yenyewe kutoka kwenye koki ya tangi mpaka kwenye kabureta, tena kwa njia fupi. Kwa hiyo muuzaji akikusifia mpira kuwa "unahimili presha kubwa", anakutoza pesa kwa kitu usichokihitaji. Presha hapa ni kama hakuna. Kinachoua mpira wa CG ni petroli yenyewe, joto la silinda na jua.

Unaojaa madukani ni ule wa plastiki unaoonyesha ndani, wa PVC. Ukiwa mpya unapendeza: unaona mafuta yakipita, na unaingia bila kusumbua. Lakini ulaini wake unatokana na dawa ya kulainisha iliyochanganywa kwenye plastiki, na petroli huinyonya dawa hiyo kidogo kidogo. Mpira unakauka, unageuka njano, unakuwa mgumu kama kalamu, kisha unapasuka palepale unapobanwa na klipu. Tusiupake matope wote wa rangi ya njano, maana Tygon F-4040-A nao ni wa njano na umetengenezwa kwa ajili ya mafuta; unabaki laini muda mrefu. Tofauti ni maandishi: Tygon huwa umechapwa jina ubavuni. Njano tupu isiyo na neno hata moja, iache.

Silikoni usiuguse, hata ukiuziwa kwa bei ya juu. Joto unalistahimili, petroli hapana: unavimba, na mafuta yanaupenya mpaka unatoka jasho. Vivyo hivyo mipira ya maji ya rejeta ya gari, ambayo mara nyingi ni ya EPDM, aina ya mpira unaofaa maji. Kwenye petroli inalegea na kuvimba.

Tunaoupa alama za juu ni mpira mweusi wa nitraili, yaani NBR, wenye nyuzi katikati. Mwambie muuzaji akate ncha safi, kisha itazame kwa mbele: ndani mpira laini, halafu duara la vitone vyeupe, ndizo nyuzi, halafu mpira tena. Ukiona mweusi mtupu wenye ukuta mwembamba, ukiupinda utajikunja na kuziba. Ubavuni tafuta alama ya kiwango cha mipira ya mafuta: SAE J30R6, J30R7 au DIN 73379. J30R9 una utando wa ndani unaostahimili zaidi mafuta yenye ethanoli, na kwa anayeendesha Uingereza, ambako E10, yenye ethanoli hadi asilimia 10, imekuwa petroli ya kawaida tangu 2021, pesa yake haipotei. Ila ni mgumu, na kwenye kona fupi ya CG unaisukuma pembeni midomo ya koki na kabureta, yaani vibomba vinavyovikwa mpira. Ule uliovikwa kitambaa nje unafaa pia, lakini kitambaa kinaficha nyufa. Ukija kuona unyevu, ndani kumeshaoza.

Kwenye kipimo ndipo wengi wanapoumia. Mipira mingi ya viwango vya SAE hupimwa kwa inchi, na robo inchi ni milimita 6.35. Mdomo wa kabureta wenye unene wa milimita 6 unaingia humo ukicheza, kisha mtu anakaza klipu mpaka mpira unajikunja upande mmoja na kuvuja. Pima unene wa mdomo kwa vernia, kile kipimo cha kubana chenye taya mbili, kisha chukua mpira ambao tundu lake ni dogo kwa nusu milimita hadi milimita moja. Huna vernia? Nenda dukani na biti ya drili ya milimita 5. Shina lake liingie kwenye tundu kwa kubana kidogo. Wala usidhani tundu pana litaongeza nguvu. Injini inayokula lita 2.5 kwa kilomita 100, ikienda kilomita 80 kwa saa, inahitaji lita 2 tu kwa saa, yaani mililita 33 hivi kwa dakika. Tundu la milimita 5 linapitisha hizo na kubakiza.

Urefu: pima mpira wa zamani, kisha ongeza sentimita 2, kwa sababu mpira ukizeeka husinyaa. Usizidishe. Mpira mrefu unaning'inia chini ya mdomo wa kabureta, unashika hewa, au unalala juu ya mapezi ya silinda na petroli inachemka humo.

Kufunga: injini iwe baridi, koki iwe imefungwa, moto na sigara viwe mbali, na chombo cha chuma kiwe chini. Mpira wa zamani usiuvute kwa koleo. Uchane kwa urefu kwa wembe, maana mdomo wa kabureta ukichomoka hapo umenunua kazi nyingine. Ncha ya mpya ichovye kwenye maji ya moto dakika moja, ipanguse, isukume mpaka ipite uvimbe wa mdomo, kisha klipu ikae nyuma ya uvimbe huo. Tumia klipu ya waya ya springi. Ile ya kukaza kwa bisibisi, kwenye mpira mwembamba hivi, haibani duara sawasawa na meno yake yanakata.

Ncha ikatwe kwa wembe mpya, si kwa mkasi butu. Vichembe vyeusi vinavyobaki ndani hushuka hadi kwenye sindano ya kabureta, ile inayozuia mafuta yakishajaa, inashindwa kufunga, petroli inamwagika, na fundi anabadilisha sindano isiyo na kosa. Kabla ya kuunganisha upande wa kabureta, fungulia koki na upitishe mafuta kwenye chupa kwa dakika moja: yafike angalau mililita 150, yakitiririka bila kukatika. Yakikatika, chunguza kwanza tundu la hewa kwenye kifuniko cha tangi, kabla ya kulaumu mpira. Kesho yake, koki ikiwa imefunguliwa, pangusa chini ya kila klipu kwa karatasi nyeupe. Ikitoka na harufu au doa, fungua upya.