Takometa ya kubandika kwenye V-twin: miezi minne ya kugundua nilikuwa naitesa injini

Nianze kwa kukiri. Miaka yote niliyoendesha Harley Sportster 1200 yangu, ya kabureta, gia tano, mkanda nyuma, nilikuwa naamini naijua injini kwa masikio. Dashibodi yake ina spidimita tu, takometa (kipimo cha kasi ya kuzunguka kwa injini) hakuna, na sikuwahi kuona kama napungukiwa kitu, si unasikia tu mlio ukikolea unapanda gia basi. Sasa siku moja rafiki yangu mwenye Suzuki SV650 akawa nyuma yangu kwenye mlima, tulipofika juu akavua helmeti akaniambia, "Kaka, ile injini ulikuwa unaiendesha au unaikaba?" Nikacheka. Lakini neno lenyewe likanikaa kichwani, maana yeye naye ana V-twin (injini ya silinda mbili zilizokaa kwa umbo la V) kama yangu na anaivuta hadi inalia, mimi yangu naipandisha gia mapema kama mtu anayepanda ngazi usiku asiwaamshe watu.

Ndiyo nikanunua hiki kidude. Takometa ndogo ya kidijitali, haina jina la maana, duara la ukubwa wa mfuniko wa chupa ya maji, waya tatu: chanya, hasi na mmoja wa kuchukua mapigo ya koili (inayotengeneza umeme wa cheche za plagi). Ina kitaa chekundu unachokipanga kiwake kwenye rpm (mizunguko ya injini kwa dakika) unayotaka, na ina saa ya kuhesabu muda injini iliofanya kazi. Haina kingine na sikuhitaji kingine.

Kufunga ni rahisi, kusoma ndiyo shida. Nilipomaliza kuunga waya nikawasha, injini ikatulia kwenye sailensa (yaani inazunguka bila kuvutwa), ule mlio wa puku-puku... puku wa silinda za nyuzi 45 mnaoujua, skrini ikaandika 2,040. Ikaruka 1,960. Ikaruka 2,110. Nikaiangalia ile pikipiki, nikaangalia skrini, nikajua mmoja wao mwongo. Injini hii ikitulia inatakiwa iwe kwenye 1,000 hivi, haiwezi kuwa 2,000, ingekuwa inatembea yenyewe hadi mlangoni.

Kijitabu chake (karatasi moja imekunjwa mara sita, maandishi ya kutafuta kwa tochi) hakikusaidia kitu. Mzee mmoja fundi ndiye aliyenielewesha. Sportster za zamani nyingi zina koili moja inayolisha plagi zote mbili kwa pamoja, silinda moja ikiwa kwenye kazi nyingine inapigwa cheche ya bure tu. Kwa hiyo ndani ya mizunguko miwili ya krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) koili inapiga mara mbili, wakati kidude kilikuwa kimepangwa kama pikipiki ya silinda moja inayopiga mara moja kwa mizunguko miwili. Hesabu ikaja mara mbili. Ukaingia kwenye menyu ukabadilisha idadi ya mapigo iwe moja kwa kila mzunguko, imekwisha, 1,020.

Kule kurukaruka hakukuisha kabisa, na hapo sikilaumu kidude. Kwenye injini hii pistoni zote mbili zimeshika pini moja ya krenki na silinda zimepishana nyuzi 45, kwa hiyo mapigo hayapishani sawa, moja linakuja baada ya nyuzi 315 na linalofuata baada ya nyuzi 405. Kidude kinachohesabu muda kati ya pigo na pigo lazima kiyumbe. Ukishakuwa kwenye mwendo kinatulia vizuri tu.

Haya, sasa barabarani. Siku ya kwanza nikasema niendeshe kama nilivyozoea, nisibadilishe kitu, niangalie tu. Aisee. Kilomita 60 kwa saa gia ya tano, naangalia, 1,800. Na hapo ndipo nilipokuwa nafungua moto (nazungusha mkono wa mafuta) wa kuovateki! Ule mtikisiko niliokuwa nausifia mbele za watu kwamba ndiyo raha ya V-twin, ndiyo roho ya pikipiki, kumbe injini ilikuwa inalia. Eksozi ndiyo ilinidanganya, iko wazi kidogo, kwa 2,800 inatoa kishindo kiasi kwamba nilikuwa nadhani nimeshaifikisha mwisho.

Nikatafuta mlima uleule, nikaingia kwa 60 ileile kila mara, nikafungua moto wote. Gia ya tano kutoka 1,800: kishindo kimoja kirefu, hendeli inatetemeka mpaka viganja vinawasha, na kwa mbali kama sauti ya kokoto ndani ya kopo, inaongeza spidi kwa kujivuta. Gia ya nne, kama 2,100: afadhali, lakini bado inasitasita mwanzoni. Gia ya tatu, kama 2,600: haikuuliza swali, iliondoka tu. Injini ileile, mlima uleule, na mimi niliyekuwa naapa kwamba gia ya tatu ni ya mjini.

Zile kokoto ndizo zilizonitisha zaidi. Huo ni mgongano ndani ya silinda, sehemu ya mchanganyiko wa petroli na hewa inajilipukia yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia, na inapenda kutokea hapohapo, injini iko chini, moto umefunguliwa wote, silinda imejaa, pistoni inakwenda taratibu na joto linapata muda. Na pampu ya oili inazungushwa na injini yenyewe, ikizunguka taratibu na oili inasukumwa kidogo, sasa hapo ndipo unaipa kipigo kikubwa kuliko vyote. Wengi tunaogopa rpm kubwa tu, hii ya chini hatuihesabu kama kosa kwa sababu haina kelele ya kuogopesha.

Najua mtaniambia, lakini V-twin si ina torki (nguvu ya kusokota) ya chini? Ndiyo inayo, hilo halibishaniwi. Ila "chini" ya injini hii siyo "chini kabisa". Kiwanda kinataja kilele cha torki cha Sportster 1200 za aina hii kati ya 3,500 na 4,000 kutegemea toleo, na mimi mara nyingi nilikuwa sifiki hata 2,500! Halafu kuna hesabu ndogo ambayo ningeijua zamani ningeokoa mabishano mengi, nguvu kwa kilowati ni torki kwa Nm (niutoni mita) mara rpm gawanya kwa 9,549. Chukua torki ya mfano Nm 90. Kwa 2,000 unapata kilowati 19 hivi, torki hiyohiyo kwa 3,500 inakupa 33. Yaani hata kama torki haijaongezeka hata chembe, kushusha gia kumekupa zaidi ya mara moja na nusu ya nguvu. Mlima haujali mlio wako.

Lakini tusipelekane pabaya. 1,800 siyo dhambi. Tambarare, moto umefunguliwa kidogo tu, unapita taratibu mbele ya shule, injini inakwenda raha mustarehe na haina tatizo lolote. Tatizo ni kufungua moto mwingi ukiwa pale. Hilo takometa haikuambii, inakuonyesha namba tu, mkono wako wa kulia ndio nusu nyingine ya hesabu, na nadhani hapo ndipo watu wanaotafuta "rpm nzuri ya V-twin" kama namba moja ya kuandika ukutani wanapotea.

Kupotea kwingine ni kuchukua namba ya pikipiki ya mwenzio. Nilimpa rafiki yangu wa SV650 namba zangu kwa mbwembwe, yeye akanionyesha zake, vichekesho. Yake ni V-twin pia, ya nyuzi 90, cc 645, na kilele cha nguvu kwa zile za karibuni kiko 8,500, mahali ambapo yangu ingeshatawanyika barabarani. Siri iko kwenye safari ya pistoni. Kwangu pistoni inasafiri milimita 96.8 kwenda juu, kwake 62.6 tu. Ukipiga hesabu, pistoni yake kwa 8,500 ina mwendo wa wastani wa mita 17.7 kwa sekunde, na yangu inafikisha mwendo huohuo kwa 5,500. Kwa hiyo anapoivuta mpaka inalia hajaitesa kuliko mimi nikiwa 5,500, masikio yetu tu ndiyo yanasikia vitu viwili tofauti. Na yeye akija chini, akiwa 2,500 gia ya sita, cheni inaanza kugongagonga na anashusha gia bila kufikiri, wakati mimi 2,500 ni nyumbani. V ni umbo tu, haikwambii injini inapenda kuzunguka wapi. Ukitaka kukisia ya kwako tazama kipenyo cha pistoni na safari yake, kipenyo kikiwa kikubwa kuliko safari kama cha SV, 81 kwa 62.6, ujue hiyo inapenda juu.

Kwa yangu nimeishia hivi. Sifungui moto mkubwa chini ya 2,300. Safari ndefu naiweka kati ya 2,700 na 3,100, na hapo sikupapata kwa takometa peke yake, nilipapata kwa kioo cha pembeni. Hii jaribuni hata kama hamna kidude. Injini za Sportster za kabla ya 2004 zimefungwa moja kwa moja kwenye fremu bila mpira, kwa hiyo kioo kinakwambia kila kitu, 2,000 unaona gari la nyuma lina taa sita, ukifika karibu 2,800 taa zinarudi kuwa mbili na unaweza hata kuona dereva anapiga miayo, ukipita 3,600 zinaanza tena kuzaana. Kuovateki au mlima nashusha niingie kwenye 3,000 na kitu halafu naiacha ipande hadi 4,500. Juu ya 5,000 kwangu ni kelele na kutafuta nati zilizodondoka, nimeshafika mara mbili tatu kwa udadisi, sioni cha kurudia. Kitaa chekundu nimekiweka 4,200 na kwa kweli sikitumii.

Kuhusu mafuta, sikuona tofauti ya maana, na nilikuwa naogopa kwamba kuendesha juu kidogo kutanimaliza. Kilichobadilika ni viganja. Safari ya saa mbili zamani nilikuwa nashuka vidole vinawasha kama nimeshika upupu, sasa nashuka mzima.

Turudi kwenye kidude maana ndicho nilichokuja kukisema. Jua likiwa la utosi husomi kitu, unaona uso wako tu. Namba zinachelewa, ukivuta moto ghafla zinafuata nyuma kama mtu aliyeshtuliwa usingizini, kwa hiyo kwa kupanda gia haraka haraka haisaidii, ya mshale ingekuwa bora, kwa sababu mshale unauona kwa jicho la pembeni na namba lazima uisome, na kusoma namba kwenye kona ni kazi ya kijinga. Bano lake la kufungia kwenye hendeli ni uzembe mtupu, wiki ya pili likapasuka kwa mtetemo, nikakata kipande cha tyubu ya baiskeli nikakizungushia chini, tangu hapo halijasogea. Mvua moja kubwa iliacha ukungu ndani ya kioo, siku mbili ukatoka wenyewe. Ile saa ya kuhesabu muda wa injini ndiyo iliyonishangaza, sikuitaka na sasa ndiyo naitegemea kujua muda wa kumwaga oili, maana foleni injini inafanya kazi na spidimita haihesabu kitu.

Nikitoa alama ni sita kwa kumi kama kifaa, na tisa kama kitu cha kunifundisha. Kama pikipiki yako ina takometa ya kiwandani achana nacho, itazame tu hiyo uliyonayo. Kama huna, chukua, ila kabla ya kuunga waya uliza kwanza koili yako inapiga mara ngapi, na kile kipande cha tyubu kiweke siku hiyohiyo ya kwanza, usisubiri bano lipasuke. Rafiki yangu ameshaniuliza kama nitamwazima ajaribu kwenye krusa (pikipiki ya kuendesha kwa starehe) ya shemeji yake ambayo nayo haina mshale, nimemwambia mwezi ujao, sasa hivi siangalii sana lakini nikikitoa nitakuwa naangalia ile nafasi tupu.