Pawabenki: kabla ya kuuliza mAh, angalia ganda

Swali limerudi tena, safari hii kutoka kwa msomaji wa Likoni, Mombasa: "Dada, pawabenki ya ndugu yangu ilianguka kwenye tuktuk ikabonyea pembeni. Bado yachaji simu vizuri. Aendelee nayo ama anunue nyingine? Na akinunua, anunue gani?"

Jibu la sehemu ya kwanza ni fupi. Asiendelee nayo. Kuchaji vizuri si ushahidi wa kitu chochote.

Sehemu ya pili ndiyo imenifanya niandike huu mwongozo, maana kila ninaposoma ushauri wa kununua pawabenki nakuta watu wanashindana kuhesabu mAh (kipimo cha chaji ambayo betri inabeba), matundu ya waya na kasi ya kuchaji. Hayo nayaruka. Muuzaji atakuimbia yote bila kuulizwa. Mimi nataka tuongee ganda, na kile ambacho ganda linatakiwa kukilinda.

Ndani ya betri ya lithiamu mna karatasi za shaba na za alumini zilizopakwa dawa, zimeviringwa au kupangwa tabaka kwa tabaka. Kati ya upande chanya na upande hasi hupita utando wa plastiki wenye unene wa maikromita 20 hivi, mwembamba kuliko unywele. Utando huo ukibanwa ukachanika, umeme unapita njia ya mkato ndani kwa ndani, joto linapanda, na majimaji yaliyomo ni kiyeyusho kinachoshika moto. Tena si lazima iwe siku hiyohiyo. Yaweza kuwa dakika ile, yaweza kuwa wiki kadhaa mbele, usiku, iko kwenye chaji kando ya chandarua.

Fundi atakutolea mita, apime volti, aone 3.7 au 4, akwambie iko fiti. Volti inasema chaji imebaki kiasi gani, basi. Hali ya utando haiioni. Wanaokumbuka Samsung Galaxy Note 7 ya mwaka 2016 wanajua simu ile iliondolewa sokoni dunia nzima. Kampuni ilipochunguza, ilieleza kuwa betri za mtengenezaji wa kwanza zilikuwa zimebanwa kwenye kona ya juu. Hizo zilitoka kiwandani, hazikuwa zimeanguka popote. Sasa piga hesabu ya iliyoruka kutoka kwenye tuktuk.

Nisieleweke vibaya: mkwaruzo wa rangi si kitu. Ninachokiogopa ni bonyeo, ufa, kona iliyopinda, mshono uliofunguka, na kufura. Kufura hasa. Betri ikifura maana yake yaliyomo yameanza kuharibika na kutoa gesi, na gesi yenyewe inawaka. Karibu na Mwembe Tayari nimemwona fundi ameshika betri ya simu iliyotuna kama andazi. Akachukua pini ya nguo, akaichoma pembeni, ikatoa mlio mdogo wa "fss" na harufu tamutamu kama ile ya dawa ya kutolea rangi ya kucha. Akaifinya ikalala, akabandika selotepu, akairudisha ndani ya simu. "Natoa hewa tu, mama." Mwenye simu akalipa akaenda zake. Pini ile ikizama kidogo tu zaidi, inaunganisha tabaka ambazo kazi ya utando ni kuzitenganisha. Hata isipozama, ule mfuko sasa una tundu, na unyevu wa Mombasa tunaujua.

Tukifika dukani, basi. Mwambie akufungulie boksi. Akikataa, ondoka, usiuziwe mbuzi kwenye gunia. Ilaze pawabenki juu ya kioo cha kaunta, kila upande, uisukume kwa kidole. Yenye tumbo itazunguka au kuyumba, iliyo sawa itatulia. Iliyotengenezwa na mgongo wa mviringo haifai kwa jaribio hili, hiyo iangalie mshono: pitisha ukucha kuuzunguka wote, na popote ukucha unapozama zaidi ya kwingine, jiulize kuna nini. Inuse. Iguse kama ina joto na haijafanya kazi yoyote. Itikise, haitakiwi kuwa na kitu kinachogonga ndani. Dakika mbili tu, na muuzaji atakutazama kama mtu aliyechanganyikiwa. Mwache atazame.

Sisi wa pwani tuna balaa letu jingine: maji ya chumvi. Pawabenki iliyotumbukia baharini pale feri au Nyali haiponi kwa kuwekwa kwenye mchele. Maji yanakauka, chumvi inabaki kwenye saketi, nayo ikipata unyevu inapitisha umeme na kula chuma. Huko Florida, baada ya kimbunga Ian mwaka 2022, yako magari ya umeme yaliyokuwa yamefunikwa na maji ya bahari ambayo yaliwaka moto siku kadhaa baadaye, yameegeshwa tu. Kwa hiyo ukiambiwa "iliingia maji kidogo, lakini nimeikausha", usiichukue hata kwa bure.

Sasa orodha, na sifichi upande wangu.

Ya kwanza ni Anker. Naipenda, na najua mtaniambia: si ndiyo iliyoita bidhaa zake zirudishwe? Ndiyo. Mwezi Juni 2025 iliita pawabenki za PowerCore 10000 zenye namba A1263, zaidi ya milioni moja huko Marekani, kwa sababu zingeweza kupata joto na kuwaka. Mimi hilo ndilo linanipa imani. Ilitaja namba, ikasema acheni kuzitumia. Hao wasio na jina wa kwenye meza za barabarani, ni nani atakayekuita? Ganda la Anker nilizoshika limekaza, mshono hauonekani, na uzito unaendana na kilichoandikwa. Ila ukipewa Anker iliyotumika, geuza usome namba. Ikiwa A1263, mrudishie mwenyewe. Bei yake ni shilingi za Kenya elfu tatu na zaidi kwa ya mAh 10,000, na inauma.

Ya pili ni Oraimo. Hii utaipata kila duka kuanzia Digo Road hadi Mtwapa, ya 10,000 haiko mbali na elfu mbili, na ina dhamana. Chukua ile nene badala ya ile nyembamba ya kuingia mfukoni. Nene yaweza kubeba betri za mviringo zenye kopo la chuma. Nyembamba hubeba zile za mfuko laini, na mfuko laini ukikaliwa kwenye matatu ndiyo hadithi yetu inaanza upya. Oraimo bandia pia ziko, kwa hiyo nunua penye risiti.

Xiaomi ni nzuri, nyembamba kidogo kwa roho yangu, na kwa hapa kwetu kumpata muuzaji wa kuaminika ni kazi. Ya tatu.

Za mia tano zenye maandishi ya 30,000 mAh: kopo moja la betri ya mviringo ya kawaida, ile ya milimita 18 kwa 65, lina uzito wa gramu 45 hadi 50 na likiwa bora sana hubeba kama mAh 3,500. Hesabu mwenyewe ni kopo ngapi zinafika 30,000, zidisha kwa uzito wa kopo moja, kisha uipime ile iliyo mkononi mwako. Sina la kuongeza.

Kinachonichoma ni jinsi tunavyouziwa. Unakuta kikapu kizima cha pawabenki zimerundikwa kama viazi Kongowea, za chini zimebeba uzito wa za juu, jua la saa nane linapiga, na ukutani pamebandikwa karatasi kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Duka moja la mjini, ambalo silitaji, lilinionyesha kifaa kilichobonyea kona, nikaambiwa nipunguziwe mia mbili. Mia mbili, kwa kitu kitakacholala chumba kimoja na watoto! Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na fidia akipata hasara. Karatasi ya ukutani haifuti hiyo. Lakini uwe na risiti, na iandikwe jina la kifaa, isiwe "accessories" tu.

Na ile ya ndugu yake msomaji wetu? Asiichaji, asiitoboe, asiiweke kwenye droo yenye nguo. Aizike ndani ya mchanga mkavu kwenye ndoo kuukuu ya bati, nje, mbali na mtungi wa gesi. Ikianza kutoa moshi, asiinamie kutazama, moshi ule ni sumu. Watu watoke kwanza. Ikishawaka, maji mengi kutoka mbali hupoza. Pipa la taka sipendi kabisa, kwa sababu lori linalokwenda kwenye jaa la Mwakirunge hubana mzigo, na tumeshaona kubanwa kunafanya nini. WEEE Centre ya Nairobi hupokea taka za umeme. Apige simu kwanza, awaambie wazi kuwa betri imebonyea, maana iliyoharibika haitumwi kwa basi kama kifurushi cha kawaida.