Nyumba ya mawe Mkomani: uzoefu wangu kama mchoraji

Tumepanga ghorofa ya juu ya nyumba ya mawe huku Mkomani, Lamu, na ndiyo nyumba yetu ya kwanza tangu tuoane. Mume wangu ni mwalimu, mimi nachora. Wasanii wenzangu wananiuliza kama nyumba hizi za kale zinafaa kwa kazi au ni za watalii kupigia picha tu.

Zinafaa, tena sana, ila zina masharti yake. Kwanza mwanga. Madirisha ya njiani ni machache na madogo, kwa hiyo mwanga karibu wote unashuka kupitia kiwanda, ule ua wa ndani. Asubuhi unapiga ukuta wa mbele kisha unaingia vyumbani ukiwa umeshapoa, hauumizi macho. Ndani kabisa kuna zidaka, yaani vishubaka vya ukutani vya plasta ya chokaa, safu juu ya safu, ambazo wazee walipangia sahani za Kichina. Kila saa zina kivuli kingine. Zamani nilikuwa nachora majahazi kama kila mtu. Sasa nachora zidaka na vilivyomo: kopo la brashi, birika, miwani ya mume wangu. Hizo ndizo picha zinazonunuliwa, na wala sikuzitafuta.

Vyumba ni virefu na vyembamba, havifiki mita 3 kwa upana, maana dari limebebwa na boriti za mikoko na urefu wa boriti ndio upana wa chumba. Kanvasi kubwa siwezi kuitazama kwa mbali mpaka niitoe kiwandani.

Kero ni chokaa. Unga wake hupukutika kutoka darini, na rangi ya mafuta isiyokauka kwa siku kadhaa inaudaka wote. Nimehamia akriliki, ambayo naagiza Mombasa, inakuja kwa basi hadi Mokowe kisha inavushwa kwa boti. Masika nayo hukunja karatasi na kuziotesha ukungu. Zifungieni kwenye plastiki.

Msije mkapaka rangi ya dukani ukutani. Bibi wa nyumba ya chini alitukuta na makopo tayari, akasema, “Wanangu, mkiuziba ukuta huu utabambuka. Pakeni chokaa.” Tukamsikiliza. Mawe ya kuta hizi ni matumbawe, nayo hunyonya unyevu, lazima yapate pa kuutolea. Makopo tulimgawia fundi wa boti.

Jioni mume wangu hukaa dakani, ule ukumbi wa mlangoni, kusahihisha madaftari. Kila apitaye humsalimu, kwa hiyo akipanda juu ana habari za mtaa mzima, na nusu ya watu ninaowachora nimewajua kupitia kwake kabla sijawaona. Kisha husimama mbele ya kazi ya siku hiyo. Akisifu haraka, naifuta. Akinyamaza, naiacha mpaka kesho. Peke yangu nisingeweza kufanya kazi hivi, na kodi pia isingelipika.

Kuhusu maji, dalali alituapia kuwa hayakatiki. Yanakatika, na ghorofa ya juu ndiyo ya kwanza kukauka. Ulizeni tangi liko wapi kabla ya kutoa hata shilingi ya amana. Sisi tumemwambia mwenye nyumba tutaongeza mwaka mwingine, lakini aweke tangi kwanza.