Uzoefu wangu na Sekiro: ugumu wa namna hii ndio ninaoutaka

Nacheza gemu za kampuni ya FromSoftware tangu enzi za Dark Souls ya 2011, na ninayoipenda kuliko zote ni Sekiro: Shadows Die Twice, iliyotoka Machi 2019. Nimeirudia tena karibuni, maana kila ikitangazwa gemu mpya ngumu ya aina hii ubishi unaanza upya: watengenezaji wakaze ugumu au walegeze? Mimi naona swali lenyewe limekaa vibaya.

Sekiro haina pa kukimbilia. Huchagui kiwango cha ugumu, huiti mchezaji mwenzako akusaidie, na kuua askari wadogo siku nzima hakutamfanya bosi, yaani adui mkuu, awe mwepesi, kwa sababu nguvu ya upanga wako inaongezeka hasa kwa kuwashinda mabosi wenyewe. Uhai nao unataka ukusanye shanga nne za maombi ndipo upande. Kwa maelezo hayo mtu atadhani ni mateso matupu. Sivyo.

Chukua pambano la bosi Genichiro juu ya ngome ya Ashina. Kila adui ana mstari wa uhai na mstari wa mkao, yaani uimara wake wa kusimama, na huu wa pili ndio wenye mchezo. Ukipangua pigo lake kwa wakati, chuma kinalia, cheche zinaruka, mkao wake unayumba. Ukimkimbia ili upumue, naye anajirudishia mkao. Halafu inatokea ile alama nyekundu ya hatari. Alama ni moja tu, iwe anachoma, anafyeka miguuni au anakamata, kwa hiyo haikuambii ufanye nini. Lazima umtazame mwili. Akichoma, unasogea mbele na kuukanyaga upanga wake. Akifyeka, unaruka na kumkanyaga kichwani. Hata radi yake, ukiipokea ukiwa hewani, unaweza kumrudishia kabla hujagusa ardhi. Kila ninapouawa pale najua kilichoniua na najua jibu lake. Hiyo ndiyo raha yenyewe!

Na gemu haikuachi gizani. Kwenye hekalu bovu yupo Hanbei, mtu asiyeweza kufa, kazi yake ni kukubali umfanyie mazoezi ya kupangua na kukanyaga mpaka mikono izoee. Huo ni ukarimu ambao wanaoisifu gemu hii kwa ukali wake hawautaji.

Wasiwasi wangu ni waigaji. Niliwahi kununua gemu moja, siitaji jina, iliyochukua ukali na kuacha mafunzo: bosi ana uhai usioisha, anainua silaha na kuganda hewani ili akuhadae tu, na ukifa unatembea njia ndefu kumrudia. Hapo unachojifunza ni uvumilivu, si pambano.

Hata Shadow of the Erdtree ya Juni 2024, nyongeza ya Elden Ring ninayoipenda sana, ilizua malalamiko, na mwezi huohuo likaja sasisho lililoongeza nguvu ya baraka za Scadutree, zinazomwimarisha mchezaji, katika hatua za mwanzo. Sina ugomvi na hilo. Kupandisha namba kunampa mchezaji nafasi ya kukosea zaidi. Ninachoomba ni kwamba pigo lenyewe liwe na jibu linaloonekana.

Wanaolegezewa hawanipunguzii kitu. Celeste, gemu ya kupanda mlima ya 2018, inamruhusu mchezaji kupunguza kasi ya gemu au hata kutodhurika kabisa, na milima yake bado inanitoa jasho nikiipanda bila msaada. Natamani Sekiro nayo ingekuwa na njia kama hiyo, angalau kasi tu, kwa wenye mikono isiyoweza kukimbizana nayo.

Kama ndiyo unaanza, pitia kwa Hanbei mapema, na uache mazoea ya Dark Souls ya kubingiria kila ukishambuliwa. Simama, pangua.