Uzoefu wangu katika tamasha la kumkumbuka Robert W. Smith: watoto wa mwaka wa kwanza walipangiwa kupiga wakati wa mapumziko

Nimesubiri hasira ipoe kabla ya kuandika, na kwa kuwa haikupoa nimeona afadhali niandike nikiwa nayo. Tamasha ninalolizungumzia lilifanyika hapa jimbo la Georgia, Marekani, muda si mrefu uliopita, katika ukumbi ambao sitautaja, na lilitangazwa kuwa la kumuenzi Robert W. Smith, mtunzi wa muziki wa bendi za shule aliyefariki Septemba 2023. Tulilipa kiingilio familia nzima, tena kwa furaha, kwa sababu binti yetu, ambaye ameanza kujifunza klarineti, chombo cha kupuliza, akiwa darasa la sita, alikuwa miongoni mwa watoto wa shule kadhaa za jirani waliounganishwa kuwa bendi moja ili wapige utunzi wa bwana huyo uitwao The Tempest.

Wazazi wenzangu waliohamia Marekani hivi karibuni huenda hawajakutana na jambo hili, kwa hiyo nitalieleza. Katika shule nyingi za huku bendi ni somo kamili lenye mwalimu wake, na watoto wengi huanza wakiwa na umri wa miaka kumi na moja hivi, bila kujua hata namna ya kushika chombo. Muziki wao huandikwa na watunzi maalumu na kupangwa kwa madaraja ya ugumu. Kumwandikia mtoto wa mwaka wa kwanza si kazi nyepesi kama inavyodhaniwa. Mpiga klarineti bado hawezi kuvuka kutoka sauti za chini kwenda za juu bila chombo kupiga yowe, mpiga tarumbeta ana noti chache tu ambazo midomo yake inazimudu, na nyuma kuna kundi la wapiga ngoma ambao wasipopewa kazi ya kutosha watajitafutia ya kwao. Watunzi wengi huishia kuwapa watoto hawa vijiwimbo vya kubembelezea watoto wachanga. Smith aliwapa dhoruba. Katika The Tempest watoto wanatumia noti zile zile chache za mwanzo, lakini ngoma zinaunguruma, matoazi yanapasuka, na mtoto ambaye mwezi uliopita alikuwa hajui kupumua vizuri anajikuta katikati ya jambo kubwa. Nilimsikia binti yangu akifanya mazoezi ya sehemu yake nyumbani jioni baada ya jioni, na sikuwahi kumwambia afungue kwanza vitabu vyake vya hesabu, kwa sababu nilikuwa naona uso wake.

Smith alizaliwa mwaka 1958 Daleville, Alabama, jimbo jirani na letu, akasoma na baadaye akafundisha katika Chuo Kikuu cha Troy, na akaacha tungo zilizochapishwa zaidi ya 600. Sehemu kubwa ya tungo hizo aliwaandikia wanafunzi. Ndiyo maana nilidhani kwamba katika usiku wa kumkumbuka, watoto wa mwaka wa kwanza ndio wangekuwa wageni wa heshima.

Mwanzo ulikuwa mzuri, nami sitaki kuuficha uzuri huo. Bendi ya shule ya sekondari ilifungua kwa The Great Locomotive Chase, utunzi unaohusu tukio la Aprili 1862, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, ambapo wapelelezi wa upande wa Kaskazini waliiba kichwa cha treni kiitwacho General hapa hapa Georgia, mahali ambapo leo ni mji wa Kennesaw, wakakimbia nacho kuelekea Chattanooga, mji wa jimbo jirani la Tennessee, huku wakifukuzwa. Kichwa hicho bado kipo Kennesaw katika makumbusho, na mwanangu wa kiume, ambaye amekwisha kukiona kwa macho yake, alinishika mkono wapiga ngoma walipogeuka kuwa magurudumu. Baada ya hapo zikaja hotuba. Alizungumza wa kwanza, wa pili, wa tatu, kila mmoja akieleza alivyokutana na marehemu, na hotuba hizo zikala muda ambao katika ratiba iliyochapishwa ulikuwa wa watoto. Mwisho mshereheshaji akatangaza mapumziko, akaongeza kwamba wakati tunanyoosha miguu, bendi ya wanaoanza itatuburudisha.

Niliinuka nikaenda kumtafuta mratibu. Nilimkuta kwenye mlango wa pembeni, na nilimsalimu kwa adabu niliyolelewa nayo, nikamwomba jambo moja tu: watu wakishakaa, watoto wapige kwanza, ndipo kipindi cha pili kiendelee. Utunzi wenyewe ni wa dakika chache mno. Hakunitazama. Aliitazama saa iliyokuwa ukutani juu ya kichwa changu, akasema kwamba hawa ni wanaoanza tu, kwamba watu wamelipa kuja kusikia muziki, na kwamba wazazi wanaotaka wanaweza kusogea karibu na jukwaa. Nilipotaka kumjibu kwamba na mimi ni miongoni mwa hao waliolipa, aliinua kiganja, akageuka, akaenda zake. Nimefanya kazi za kuhudumia watu tangu nilipofika nchi hii, na sijawahi kumwinulia mteja kiganja.

Kwa hiyo watoto walipiga taa za ukumbi zikiwa zimewaka zote na milango iko wazi. Foleni ya vinywaji ilikuwa inapita mbele ya safu ya kwanza. Mwalimu wao aliinua mikono, akasubiri watu wanyamaze, akasubiri tena, na alipoona hakuna anayenyamaza akaanza. Ngoma ziliingia vizuri kabisa, nasema hivyo bila upendeleo wa mzazi, na klarineti zilifuata kwa pamoja bila yowe hata moja. Kisha, katikati ya utunzi, kipaza sauti cha mshereheshaji kikafunguliwa na watu wakakumbushwa kwamba fulana za tamasha zinauzwa mezani nje. Watoto waliendelea. Nilimwona binti yangu akiinua macho kutoka kwenye noti, akamtazama mwalimu, kisha akayarudisha. Walipomaliza, waliowapigia makofi walikuwa wazazi tuliosimama pembeni, pamoja na wachezaji wachache wa bendi ya watu wazima waliokuwa wameanza kuketi nyuma na vyombo vyao mikononi, ambao walisugua miguu sakafuni kama ilivyo desturi ya wapiga bendi wasio na mkono wa kupigia makofi. Mmoja wao, mzee mwenye tuba, alisimama. Ninamshukuru mzee huyo.

Sasa nifike kwenye sehemu inayonichanganya. Kipindi cha pili kilikuwa miongoni mwa muziki bora niliowahi kuusikia nikiwa nimekaa katika ukumbi. Wanafunzi wa sekondari walipiga Africa: Ceremony, Song and Ritual, utunzi ambao Smith aliujenga juu ya nyimbo na midundo ya Afrika Magharibi. Nilikuwa nimejiandaa kukereka, kwa kuwa mshereheshaji aliutambulisha kana kwamba Afrika yote ni kijiji kimoja, na mimi ni mtu wa Pwani ninayejua ngoma zetu ni za aina ngapi. Hata hivyo vijana wale walizipiga ngoma kwa heshima, waliitikiana, walisikilizana, na nilijikuta nikitingisha bega bila kujijua. Baadaye bendi ya watu wazima ikafunga kwa The Ascension, sehemu ya simfonia yake, yaani utunzi mrefu wa sehemu kadhaa, iitwayo The Divine Comedy, na tarumbeta za mwisho zilipopanda nilitokwa na machozi, huku mume wangu akinitazama asijue kama ni ya uchungu au ya furaha. Yalikuwa ya vyote viwili. Hapo nilikuwa tayari kuwasamehe, na laiti wangetuacha tuondoke wakati ule, ningeandika hapa kwamba tamasha hili ni la kuhudhuria kila mtu mwenye mtoto katika bendi.

Lakini mratibu yule yule alipanda jukwaani kutoa shukrani, akasema kwamba urithi mkubwa wa marehemu ni imani yake kwa kila mtoto, hata yule anayeanza. Aliyasema hayo mbele ya watoto ambao hakuwapa hata ukimya wa dakika chache. Binti yangu, aliyekuwa ameketi kando yangu na mkoba wa klarineti mapajani, aliniuliza kwa nini basi wao hawakutajwa kwa jina la shule zao kama wengine. Sikuwa na jibu ambalo mtoto anastahili kupewa. Kwa hiyo niliposema mwanzo ulikuwa mzuri nilisema kweli, na niliposifu kipindi cha pili nilisema kweli, ila sifa zote ni za waliopiga. Walioandaa sina la kuwasifia. Wangetaka nyota, muziki ungepata zote tano, na wao nisingewapa hata moja.

Niliwaandikia. Jibu lililokuja lilinishukuru kwa kuhudhuria na kunialika kwenye tamasha lijalo, bila neno lolote kuhusu watoto. Mzazi anayefikiria kununua tiketi za tamasha la namna hii aombe ratiba kabla ya kulipa, aulize wanaoanza wamepangwa saa ngapi, na aulize kama taa zitazimwa na milango itafungwa wakati wanapiga. Akiambiwa watapiga wakati wa mapumziko, abaki na fedha zake.

Binti yangu anataka turudi mwakani, kwa kuwa atakuwa mwaka wa pili na anatamani sehemu ya klarineti katika lile la treni. Nimemwambia nitaona ratiba kwanza.