Kipokezi cha GPS cha kurekebisha saa za kompyuta: kipi ununue ukiwa Dodoma

Saa ya kompyuta inaendeshwa na kipande cha kwatsi, na kwatsi ya kawaida kukosea sekunde 2 hadi 4 kwa siku si ajabu. Intaneti ikiwepo hulioni kosa hilo, kwa sababu mashine hujirekebisha yenyewe. Bando likikatika wiki mbili kwenye zahanati ya Mpwapwa au ofisi ya kata huko Kongwa, kila kompyuta imeshakosea nusu dakika au zaidi, tena kila moja kivyake. Redio ya kijamii inashindwa kufungua taarifa ya habari saa mbili kamili usiku. Picha ya kamera ya ulinzi inapishana na daftari la mlinzi.

Kama intaneti yako haikatiki, usinunue chochote. Washa NTP, yaani utaratibu wa kompyuta kuchukua saa sahihi mtandaoni, inatosha. Wengine, mpangilio wetu ni huu, kuanzia tunachokishauri zaidi.

1. Raspberry Pi, moduli ya u-blox NEO-M8N yenye pini ya PPS, na antena ya nje

Raspberry Pi (Pi kwa kifupi) ni kompyuta ndogo ya ubao mmoja, na moduli ndiyo kipokezi chenyewe cha GPS. Moduli ikishika setilaiti hutoa vitu viwili: maandishi ya kusema ni saa ngapi, na mpigo mmoja wa umeme kila sekunde kwenye pini ya PPS. Maandishi huchelewa, na leo hayachelewi kama jana. Mpigo hauchelewi. Huo mpigo ndio unaoulipia, na ndio unaoishusha Pi hadi kwenye kosa la maikrosekunde chache. Pi moja inagawa saa kwa ofisi nzima, DVR ya kamera, yaani kinasa picha, ikiwemo.

Unganisha VCC pini 1, GND pini 6, TX ya moduli pini 10, PPS pini 12. Kwenye config.txt, faili la mipangilio ya Pi, weka `enable_uart=1` na `dtoverlay=pps-gpio,gpiopin=18`, na uzime konsoli ya siriali, inayotumia pini hizohizo. Sakinisha gpsd (inayosoma moduli), chrony (inayorekebisha na kugawa saa) na pps-tools (ya kupima mpigo), kisha uendeshe `ppstest /dev/pps0`: mstari mmoja mpya kila sekunde maana yake mpigo unafika. Kwenye mipangilio ya chrony, ukibadilisha anwani ziwe za mtandao wako, andika:

`refclock SHM 0 refid GPS offset 0.1 noselect`
`refclock PPS /dev/pps0 lock GPS refid PPS`
`makestep 1 3`
`allow 192.168.1.0/24`

Rekebisha hiyo 0.1, sekunde za kufidia uchelewaji wa maandishi, mpaka GPS ikaribiane na PPS. Usiiondoe `makestep`, inayoirukisha saa moja kwa moja hadi ilipo sahihi: Pi za kabla ya toleo la 5 hazina saa ya betri, umeme ukirudi zinaamka na saa ya zamani.

2. Pi hiyohiyo na NEO-6M

Kwa kazi ya saa, ukiwa na anga wazi, inafanya vizuri karibu sawa na M8N. Angalia ubao kabla ya kulipa. Ule wa buluu ulioandikwa GY-NEO6MV2 una pini 4 tu: VCC, RX, TX, GND. Taa yake inapepesa kila sekunde lakini pini ya PPS haipo, na kuipata ni mpaka uchomelee waya kando ya taa. Tafuta ubao wenye pini 5.

3. Kipokezi cha USB, kama VK-172 au BU-353

Kuchomeka tu. Lakini kwa kawaida mpigo haupiti, unapata maandishi peke yake, na saa inayumba kwa sehemu za kumi za sekunde. Kinafaa kompyuta moja isiyo na mtandao.

4. Seva maalumu ya saa, kama Meinberg LANTIME

Ndiyo bora kuliko zote hapa, ila ni ya benki na vituo vya data. Kwa shule au zahanati ni kutupa hela.

Yanayoharibu kazi

Bati. Mawimbi ya GPS ni dhaifu mno, hayapenyi paa la bati. Antena lazima ikae juu yake, ikiona anga pande zote. Kebo nyembamba ya RG174 hula nguvu ya mawimbi takriban desibeli 1 kila mita, kwa hiyo usiiunganishe vipande vipande kushuka ghorofa mbili. Sogeza Pi karibu na paa, urefushe kebo ya mtandao, ambayo inafika mita 100. Pi yenyewe usiiweke darini: joto la chini ya bati mchana wa Oktoba litaichosha. Masika ya huku, Desemba hadi Aprili, huja na radi, hivyo funga kizuia radi kwenye kebo ya antena na ukipeleke ardhini.

Moduli mpya isiaminiwe kwa robo saa ya kwanza. Saa ya GPS imeitangulia UTC, saa rasmi ya dunia, kwa sekunde 18 tangu Januari 2017, na ujumbe unaobeba tofauti hiyo hurudiwa kila dakika 12.5; kabla haujafika, moduli inaweza kutoa saa isiyo sahihi. Ukinunua kilichotumika, soma tarehe kinayotoa: hesabu ya wiki za GPS ilianza upya Aprili 2019, na vya zamani vingine hurudi nyuma wiki 1024, karibu miaka 20.

Kwenye orodha ya kanda za saa Dodoma haimo. Chagua Africa/Dar_es_Salaam, kwenye Windows, Nairobi. Kisha elekeza kila Windows kwenye anwani ya Pi, kwa mfano 192.168.1.10:

`w32tm /config /manualpeerlist:192.168.1.10 /syncfromflags:manual /update`

Kwenye Pi andika `chronyc sources`. Nyota ikikaa kando ya PPS, saa imeshika.